Mgongo wa Kennedy: Kisu Mara Nne, na Maumivu Yakabaki

Msomaji mpenzi, ukisimama katika soko lolote la nchi hii ukaita kwa sauti jina la Kennedy, hapana shaka atageuka mtu. Wako walimu waitwao Kennedy, wako madereva, wako wachezaji wa kandanda na wako wabunge. Wengi wao walizaliwa mwenye jina amekwisha zikwa zamani. Wazazi walilipenda jina hilo kwa sababu mbili. Kwanza, mwenyewe alikuwa kijana, tena msemaji hodari, akauawa angali na nguvu zake. Pili, tarehe 26 Julai 1960 marehemu Tom Mboya alikwenda kumwona nyumbani kwake Hyannis Port, na baada ya mazungumzo yao shirika la hisani la jamaa ya Kennedy likatoa dola 100,000 ili vijana wetu wasafirishwe kwa ndege kwenda kusoma Marekani. Septemba ya mwaka ule zaidi ya vijana 200 wakaondoka.

Hayo ya siasa yamekwisha andikwa sana, nami leo sitayarudia. Nataka kusimulia jambo ambalo huenda Mboya mwenyewe hakulijua siku ile: kwamba mwenyeji wake, aliyekuwa na umri wa miaka 43 na sura ya mchezaji wa michezo, alikuwa amekwisha pasuliwa mgongo mara nne.

Nina sababu ya kulichagua jambo hili. Mimi ni mmoja wa wale waamkao asubuhi wakijishika kiuno. Picha za hospitali zimeonyesha kwamba pingili mbili za chini za uti wangu wa mgongo zimelika, na ule mto laini ulio baina yake, ambao madaktari huuita diski, umekauka na kusinyaa. Daktari akaniambia njia ni mbili: nipasuliwe, pingili ziunganishwe kwa vyuma, au niendelee na mazoezi na dawa. Uamuzi akaniachia mimi.

Tangu siku hiyo nyumba yangu haina utulivu. Shangazi yangu ameapa kwamba hajapata kuona mtu aliyekatwa mgongo akasimama tena sawasawa. Binamu zangu nao walikwisha unda kamati ya harambee, wakataka niwape tarehe ili wachapishe kadi. Mmoja asema nisipopasuliwa mimi ni mwoga, mwingine asema nikipasuliwa mimi ni mpumbavu. Katika makelele hayo ndipo nilipoanza kuyasoma maisha ya Kennedy kwa jicho jingine. Sikumsoma kama Rais, nilimsoma kama mgonjwa mwenzangu.

MTOTO WA MARADHI

John Fitzgerald Kennedy alizaliwa tarehe 29 Mei 1917 mjini Brookline, katika jimbo la Massachusetts. Alikuwa wa pili katika watoto tisa wa Bw. Joseph Kennedy na mkewe Rose. Baba alikuwa tajiri mkubwa, naye alitaka watoto wake washinde katika kila jambo. Katika nyumba ile kulia kulikuwa mwiko, na kulalamika kulihesabiwa kuwa udhaifu.

Lakini mwili wa mtoto huyu haukusikia amri ya baba. Kabla hajatimiza miaka mitatu alishikwa na homa kali ambayo ilikaribia kumwua. Katika ujana wake akawa mtu wa kuingia na kutoka hospitalini kwa ajili ya tumbo lisilokwisha kuuma. Ndugu zake walizoea kumwona kitandani na kitabu mkononi. Nayaeleza haya kwa sababu wasomaji wengi hudhani kwamba mgongo wake uliharibiwa na vita tu. Mambo hayakuwa hivyo. Mgongo ulianza kumsumbua tangu siku za Chuo Kikuu cha Harvard, alikocheza ile kandanda ya Wamarekani ya kugongana miili na kuumia.

Ilipofika mwaka 1941, alipotaka kuingia jeshini, madaktari wa jeshi walimpima wakamkataa. Baba yake akatumia urafiki na wakubwa, na mwezi wa Oktoba mwaka ule kijana akapokewa katika jeshi la majini. Basi, mtu ambaye angeweza kukaa nyumbani kwa halali alipewa kazi ya kuamuru mashua ya vita iendayo mbio, ambayo juu ya mawimbi humrusha mtu na kumtupa chini mchana kutwa. Kwa mgongo mbovu, hicho si kiti cha kukalia.

USIKU WA TAREHE 2 AGOSTI

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti 1943, karibu na Visiwa vya Solomon katika bahari ya Pasifiki, manowari ya Kijapani iliyoitwa Amagiri iliigonga mashua yake na kuikata vipande viwili. Katika mabaharia 13 wawili walikufa papo hapo. Waliosalia waliogelea kwa muda wa saa nne hivi kukifikia kisiwa kidogo. Mmoja wao alikuwa ameungua vibaya, hawezi kuogelea. Kennedy aliuma kwa meno ukanda wa jaketi la kuelea la mwenzake huyo, akamburura majini mpaka ufukoni. Siku zilizofuata wenyeji wawili wa visiwa vile, Biuku Gasa na Eroni Kumana, walipeleka habari zake zilizochorwa juu ya kifuu cha nazi, na wote wakaokolewa. Kifuu hicho alikiweka mezani pake hata alipokuwa Rais.

Alirudi Marekani akiwa shujaa, lakini shujaa asiyeweza kuinama kufunga viatu bila maumivu. Ndipo mlango wa chumba cha upasuaji ulipofunguka mara ya kwanza.

KISU CHA KWANZA

Mwezi wa Juni 1944, mjini Boston, alipasuliwa sehemu ya chini ya mgongo. Alikuwa na umri wa miaka 27. Siku zile hapakuwa na mashine ya sumaku inayoweza kuonyesha vitu laini vilivyomo ndani ya mgongo. Madaktari waliongozwa na picha za eksirei, na kwa kumgusa mgonjwa na kumwuliza. Walidhani watakuta diski iliyopasuka na kuubana mshipa wa fahamu. Walipofungua hawakuikuta. Walichokuta ni diski iliyolegea na kuchakaa. Wakaondoa waliyoweza kuyaondoa, wakafunga.

Kwa muda wa wiki mbili mambo yalionekana kwenda vizuri. Mara alipoanza kutembea, misuli ya mgongo ikakaza kwa maumivu makali, na akajikuta pale pale alipokuwa. Agosti hiyo hiyo kaka yake mkubwa, Joseph, ambaye ndiye aliyetazamiwa na baba kuwa mwanasiasa, akafa ndege yake ilipolipuka hewani. Mzigo wa matumaini ya baba ukahamia kwa mgonjwa.

Hapa, msomaji, nilisimama kidogo katika kusoma. Niliuliza moyoni: kisu hiki kilikwenda kutafuta nini? Kilikwenda kutafuta kitu kinachobana. Kitu hicho hakikuwapo. Tangu siku ile swali hilo nimelifanya kuwa la kwanza katika orodha yangu: daktari anatazamia kuondoa nini hasa, na je, picha na maumivu yangu vinaelekeza mahali pamoja?

TEZI ZILIZOKUFA

Mwaka 1946 alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi. Mwaka uliofuata, akiwa London, alianguka mgonjwa, na madaktari wa huko wakagundua kwamba ana maradhi yaitwayo Addison. Maradhi hayo huziua zile tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Tezi hizo ndizo zinazotoa homoni zinazouwezesha mwili kuhimili mshtuko wowote: jeraha, homa, hata dawa ya usingizi ya hospitalini. Mtu asiye na homoni hizo, akipasuliwa, shinikizo la damu huweza kushuka ghafula akafa.

Alianza kuishi kwa vidonge vidogo vya homoni vilivyopandikizwa chini ya ngozi ya paja, na baadaye kwa kotizoni. Wanahistoria wengine wanadhani kwamba dawa alizotumia miaka mingi zilisaidia kuidhoofisha mifupa ya mgongo wake. Kwa hiyo huenda kile kilichomweka hai ndicho kilichokuwa kikimla. Hali hiyo aliificha kwa wapiga kura maisha yake yote.

Mwaka 1952 akashinda kiti cha Seneti. Tarehe 12 Septemba 1953 akamwoa Jacqueline Bouvier. Lakini katikati ya mwaka 1954 bwana harusi huyu alikuwa akitembea kwa mikongojo. Katika Seneti, badala ya kurudi ofisini kwake baina ya kura moja na nyingine, alikaa tu ukumbini, kwa sababu safari ile fupi juu ya sakafu ya mawe ilikuwa adhabu.

UAMUZI WA MWAKA 1954

Sasa tumefika penye kiini cha habari yangu. Madaktari walimwonyesha picha zilizothibitisha kwamba sehemu ya chini ya uti wake ilikuwa imebonyea. Aliambiwa kwamba asipopasuliwa huenda siku moja akashindwa kabisa kutembea. Aliambiwa pia kwamba akipasuliwa, kwa sababu ya maradhi yake ya tezi, huenda asiamke. Madaktari wa Hospitali ya Lahey huko Boston, waliomjua kwa miaka mingi, hawakutaka apasuliwe. Baba yake naye alimsihi asikubali. Alimkumbusha habari za Rais Franklin Roosevelt, aliyetawala Marekani miaka 12 akiwa hawezi kutembea bila msaada, wala kiti cha magurudumu hakikumzuia kufika kileleni.

Mwana hakukubali. Alisema kwa namna zote kwamba heri afe kuliko kuishi maisha yake yote juu ya mikongojo. Akahama kutoka kwa madaktari wa Boston, akaenda New York kwa daktari aliyekuwa tayari kumpasua, Dk. Philip Wilson.

Simlaumu. Mtu ambaye hajapata kulala usiku kucha akitafuta upande usiouma hana haki ya kumlaumu. Maumivu ya muda mrefu humchosha mtu akili, na akili iliyochoka hupenda mambo ya mkato: yakate, yaishe, nifie mbali. Nami nimeyajua mawazo hayo saa tisa za usiku. Hata hivyo namtazama na kuona jambo ambalo shangazi yangu na binamu zangu hawakuliona. Kennedy aliugeuza uamuzi wa uganga kuwa mtihani wa ushujaa. Upande mmoja aliweka uzima kamili, upande wa pili kifo, na akawa tayari kwa vyote viwili. Hakuuweka mezani uwezekano wa tatu, yaani kwamba atapasuliwa, hatakufa, wala hatapona. Na huo ndio uliompata.

BAMBA LA CHUMA

Upasuaji uliahirishwa mara tatu ili madaktari waitayarishe damu yake na homoni zake. Hatimaye tarehe 21 Oktoba 1954, kwa zaidi ya saa tatu, waliziunganisha pingili zake na mifupa ya nyonga kwa bamba la chuma na parafujo. Baada ya siku tatu viini vya maradhi vikamwingia katika njia ya mkojo, akapoteza fahamu. Padri akaitwa, akapewa mpako wa mwisho. Baba yake, yule mtu wa kutolia, alilia.

Hakufa. Lakini kidonda hakikufunga. Kilitunga usaha kulizunguka lile bamba, na mnamo Februari 1955 ikabidi wampasue tena ili kulitoa. Katika muda wa miezi minne akawa amepakiwa chuma na kukipakuliwa. Jeraha liliachwa wazi kwa muda mrefu, na mkewe ndiye aliyejifunza kulisafisha na kulifunga. Mwaka 1957 alirudi tena hospitalini, wakampasua jipu lililokuwa limejificha pale pale.

Gharama yake haikuwa ya mwili tu. Mwezi wa Desemba 1954 Seneti ilipiga kura ya kumkaripia Seneta Joseph McCarthy, aliyekuwa akiwatisha watu kwa tuhuma za ukomunisti. Kennedy alikuwa kitandani, hakupiga kura wala hakutuma msimamo wake, na wapinzani wake hawakulisahau hilo. Ajabu ni kwamba katika kitanda hicho hicho, akisaidiwa sana na mwandishi wake Theodore Sorensen, alitayarisha kitabu juu ya maseneta waliothubutu kusimama peke yao. Kitabu kilitoka mwaka 1956, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer.

Madaktari nao waliandika. Mwaka 1955 jarida moja la wapasuaji lilichapa habari za mtu wa miaka 37 mwenye maradhi ya Addison aliyepasuliwa mgongo huko New York, likaona kuwa ni jambo la kujivunia kwamba alipona upasuaji. Jina halikutajwa. Mwaka 1967 daktari mwingine alilinganisha tarehe akatambua mgonjwa alikuwa nani. Upasuaji huo uliandikwa kuwa umefaulu kwa sababu mgonjwa hakufa. Kama maumivu yalikwisha ni habari nyingine. Hili ni la kukumbuka: mpasuaji na mpasuliwa hawapimi kwa kipimo kimoja.

SINDANO NA MAZOEZI

Mwezi wa Mei 1955 Kennedy alirudi Seneti. Wakati huo huo akakutana na daktari wa kike, Bi. Janet Travell, ambaye baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa daktari wa Rais wa Marekani. Huyu hakushika kisu. Aliigusa misuli mmoja mmoja, akadunga sindano za dawa ya ganzi pale palipokaza. Akagundua pia kwamba mguu mmoja ni mfupi kidogo kuliko mwenzake, akaamuru kiatu kiongezwe kisigino. Akamshauri akalie kiti cha kubembea, kile ambacho dunia nzima ilikiona kwenye picha ikadhani ni pambo la Rais.

Sindano zilimtuliza, lakini hazikumjenga. Mwezi wa Mei 1961, akiwa Rais wa miezi minne, alizuru Ottawa nchini Kanada, akapewa sepetu kupanda mti wa kumbukumbu. Alipoinama mgongo ukashtuka. Wiki chache baadaye alikutana na Bw. Khrushchev mjini Vienna huku akiwa na maumivu makali, na mikongojo ikarudi, ingawa alifichwa nayo machoni pa watu. Wakati huo alikubali hata sindano za daktari mmoja wa New York, Max Jacobson, zilizochanganywa na dawa za kusisimua ambazo madaktari wake wengine walizipinga.

Ndipo Oktoba 1961 alipoletewa Dk. Hans Kraus, mzaliwa wa Austria na mpandaji wa milima. Kraus alimpima Rais kama mwalimu wa michezo anavyompima mtoto wa shule: inama, inuka, nyoosha mguu. Akamwona ana misuli ya tumbo iliyolegea na misuli ya mgongo iliyokakamaa kama kamba kavu. Sindano zikapunguzwa, na mazoezi yakaanza, mara tatu kwa wiki, katika chumba kidogo kando ya bwawa la kuogelea la Ikulu. Hayakuwa mazoezi ya kujionyesha. Yalikuwa ya kulala chali na kukunja goti, kujinyoosha na kurudia, kisha kurudia tena. Baada ya miezi kadhaa Rais akaanza kutembea vizuri kuliko alivyotembea kwa miaka mingi. Aliweza hata kumwinua mtoto wake.

Msomaji, hesabu nami. Kutoka kisu cha kwanza mpaka mazoezi ya Kraus ilipita miaka 17. Katika miaka hiyo mtu aliyekuwa na mali yote ya dunia, na madaktari wa kila mji mkubwa, alipasuliwa mara nne kabla mtu hajamfundisha kwa utaratibu jinsi ya kuitia nguvu misuli inayoubeba mgongo. Sisemi kwamba mazoezi yalimponya. Hayakumponya. Katika mwaka 1963 mgongo ulimrudia, na hakuacha kuvaa ule mshipi mgumu wa kubana kiuno.

Siku ya tarehe 22 Novemba 1963, mjini Dallas, alikuwa ameuvaa, na juu yake amefungwa bendeji ndefu ya kuvutika. Risasi ilipompata mara ya kwanza, hakuanguka upande. Wako wataalamu wanaosema kwamba mshipi huo ulimshikilia wima mpaka risasi iliyofuata ikampata kichwani. Wengine hawakubali. Alikuwa na umri wa miaka 46. Siku 20 baadaye Kenya ikapata uhuru.

MASWALI YANGU KWA DAKTARI

Ni kosa kuyachukua maisha ya mtu mmoja na kuyafanya sheria ya wagonjwa wote. Upasuaji wa leo si ule wa mwaka 1954. Picha ni bora, dawa za kuua viini ni bora, na majeraha ni madogo. Hata hivyo swali la Kennedy halijazeeka, nami nimeyasoma yaliyochunguzwa tangu wakati wake.

Uchunguzi mmoja uliofanywa Uswidi na kutangazwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba waliounganishwa pingili walipata nafuu kuliko walioachwa na matibabu ya kawaida tu. Lakini Norway mwaka 2003 na Uingereza mwaka 2005 wakawalinganisha waliounganishwa na wale waliopewa mazoezi makali yenye mafundisho ya kutoogopa maumivu, na tofauti kubwa haikuonekana. Kwa wale ambao diski imeubana mshipa wa fahamu na maumivu yanateremka mguuni, uchunguzi wa Uholanzi wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kisu huleta nafuu mapema, ingawa baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikaribiana. Tena karibu 4 katika kila 10 walioambiwa wasubiri, hatimaye walishindwa wakapasuliwa. Kwa hiyo wenye kusifu kisu hawakukosea kabisa, na wenye kukiogopa hawakukosea kabisa. Inategemea kinachouma ni nini.

Jambo jingine lilinishangaza. Picha za watu wasiolalamikia mgongo hata kidogo huonyesha diski zilizochakaa, na kadiri umri unavyoongezeka ndivyo zinavyozidi. Uti wa mgongo hupata mvi kama kichwa. Picha mbaya peke yake si hukumu.

Basi nilirudi kwa daktari nikiwa na karatasi. Niliuliza ni kitu gani hasa kitakachoondolewa au kutengenezwa. Niliuliza kama ni maumivu ya mgongo au ya mguu anayotazamia kuyapunguza, na kwa kiasi gani. Niliuliza ni maradhi gani mengine ya mwili wangu yanayoweza kuuharibu upasuaji, maana sukari, sigara na mifupa dhaifu huzuia pingili kushikana. Niliuliza itakuwaje ikiwa sitakufa wala sitapona. Mwisho niliuliza kama nimekwisha fanya mazoezi ya kweli, chini ya mtaalamu, kwa miezi ya kutosha. Kwa swali hili la mwisho jibu lilikuwa la, na daktari, kwa uungwana wake, akakubali.

Miguu yangu ina nguvu. Ganzi sina. Kwa hiyo nimechagua kuanza pale Kennedy alipomalizia. Nimewaambia binamu zangu wasichapishe kadi, na shangazi nimemwambia asishangilie mapema, kwa sababu sijakikataa kisu. Nimekiwekea masharti. Mguu ukianza kulegea, au nikishindwa kutembea hatua nilizozizoea, nitapanda kitanda cha upasuaji bila kubishana na mtu.

Zaidi ya hayo kuna dalili ambazo hazingoji mazoezi wala kikao cha ukoo. Mtu mwenye maumivu ya mgongo akipata ganzi katikati ya mapaja, akashindwa kuzuia haja au kuitoa, au miguu ikapooza ghafula, na apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Hapo kuchelewa ndiko kunakomweka mtu kwenye kiti cha magurudumu, si kisu.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Lakini katika mambo ya mgongo mgonjwa hana budi kuchagua jembe, maana shamba lenyewe ni mwili wake, na yeye ndiye atakayelilima baada ya daktari kwenda zake. Kennedy hakukosa ushujaa hata siku moja. Alikosa mtu wa kumwambia mapema kwamba kunyoosha mguu sakafuni kila asubuhi, bila wa kumpigia makofi, kungeweza kumfaa kuliko kwenda kukabiliana na mauti huko New York. Wewe mwenye barua ya hospitali mkononi, usikimbilie kuwauliza ndugu kama wewe ni shujaa au mwoga. Muulize daktari kile kisu kinakwenda kuondoa nini. Akikujibu ukaelewa, fuata. Asipoweza kukujibu, mwombe muda, na utafute mwingine.